Kuku Walisimama Martina Alipofukuzwa

Ni mimi. Si Martina, si mkosi, wala si marehemu mtoto wake. Kuku wa kina mama wa Nangwa waliolemaa niliwalemaza mimi kwa mikono yangu hii, na nilijua, na nikanyamaza!

Mhariri, naomba unifichie jina. Nanyi wasomaji naomba mnisikilize mpaka mwisho, matusi mtanipa baadaye. Najua nayastahili.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Mliokuwepo Hanang mnakumbuka. Ngano mpaka macho yanachoka, na wakati wa kulima vumbi la matrekta linaingia mpaka kwenye sufuria ya mboga. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba mojawapo. Ndiye aliyeleta habari kwamba kantini ya wafanyakazi inataka kuku wa nyama, wale weupe wanaonenepa haraka, na kwamba kina mama wa kigango chetu wakiwafuga, kantini itawachukua wote.

Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama alikuwa mama mkwe wangu. Sasa angalieni hapo. Mume kaleta soko, mama mkwe kashika kikundi, na ufunguo wa banda nikapewa mimi! Nilivimba kichwa, jamani. Ule ufunguo niliufunga kamba nikauvaa shingoni, hata kanisani nilikwenda nao, tena juu ya nguo ili uonekane vizuri.

Vifaranga waliletwa na lori kutoka Arusha, wamo kwenye maboksi yenye matundu, wanalia wote kwa pamoja. Bwana mifugo akaja na pikipiki yake kutufundisha. Alikuwa kijana mpole, si mwenyeji wa huku, anaongea taratibu ili wote tumwelewe.

"Kuku wenu wa kienyeji anatoka nje," alituambia. "Anachakura, anakula jani, anakula mdudu, anapigwa na jua. Hawa wamefungwa ndani, kazi yao ni kula na kuota nyama. Mwili unakimbia kukua. Vitamini asipoipata mkononi mwako, mama, hana pengine pa kuipata."

Akanikabidhi kopo la unga wa njano. Kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji safi, kila asubuhi, basi. Chakula chenyewe tulikuwa nacho: pumba za ngano kutoka shambani, mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Hakusema tusichemshe. Nani angefikiria kutuambia hivyo?

Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo dawa inachemshwa. Majani yanachemshwa, mizizi inachemshwa, magome yanachemshwa mpaka nyumba nzima inanuka. Dawa ya kutiwa tu kwenye maji ya baridi na kukorogwa, kwangu mimi hiyo ilikuwa bado haijawa dawa. Isitoshe ulikuwa msimu wa baridi, na baridi ya Nangwa mnaijua, upepo ukishuka mlimani asubuhi hata ng'ombe hataki kutoka. Nikajiambia, vifaranga hawa watakunywaje maji ya barafu?

Na magadi je? Ng'ombe wetu wakilamba magadi ya ziwani wananenepa, manyoya yanang'aa. Makande bila magadi hayaivi upesi. Basi kichwa changu kilichovimba kikaniambia: tia na magadi, kuku wako wawe wakubwa kuliko walivyoahidiwa, kantini wakuulize umefanyaje!

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nateleka sufuria kubwa, natia unga wa njano, natia bonge la magadi, nachemsha. Ule unjano ulikuwa unafifia mpaka maji yanakaribia kuwa meupe. Mimi nafurahi. Nasema, sasa imeiva!

Anayechochea moto pale alikuwa Martina.

Martina alikuwa mke wa Boay, mdogo wa mume wangu. Alitoka kwao Nambis, huko Mbulu, akaolewa kwetu akiwa msichana mwembamba wa kucheka sana. Mimi na yeye tulipatana kuliko ndugu wa tumbo moja. Tulichota maji pamoja, tulipalilia pamoja, hata mama mkwe tulimsengenya pamoja, Mungu anisamehe na hilo.

Mwaka ule Martina alijifungua mtoto wa kiume akaishi siku chache tu, akafariki kabla ya ubatizo.

Wasio wa kwetu nawaeleza. Zamani mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga alitengwa. Si kwamba wanamchukia, hapana, waliamini kile kifo bado kinamfuata na kinaweza kuhamia kwa mwingine au kwa mifugo. Anakuwa na kikombe chake peke yake. Anapita njia yake kwenda majini. Haingii kwenye zizi la mtu wala hashiki maji ya mifugo ya mtu, mpaka wazee waseme sasa basi. Wakati huo tulikuwa Wakristo tayari, padri alishakataza, na wengi tulishaacha. Lakini kuacha mdomoni na kuacha moyoni ni mambo mawili, na mama mkwe wangu, pamoja na rozari yake, moyoni alikuwa hajaacha. Alimpa Martina kikombe cha bati cha bluu na kumwambia kwa upole asitoketoke.

Mimi ndiye niliyemtoa! Nilikwenda kwa mama mkwe nikapiga magoti.

"Shikamoo mama. Naomba Martina anisaidie bandani. Anakaa peke yake na huzuni, atapata wazimu yule."

"Marahaba. Bandani? Kwa kuku wa watu?"

"Mama, si padri alisema hayo mambo yameisha?"

Akapitisha punje mbili za rozari yake vidoleni. Halafu akasema, "Haya. Lakini wewe ndiye umesema."

Martina alipoambiwa atoke alinishika mikono yote miwili akalia. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika bandani. Anawasha moto, anafagia, anawasemesha vifaranga kama wanasikia. Rangi ikaanza kumrudia. Siku moja nikamsikia anacheka peke yake kwa sababu kifaranga kamparamia mguuni, na mimi nikafurahi sana.

Siku ya kwanza niliyotia magadi aliniuliza, "Dada, na magadi bwana mifugo alisema?"

"Wewe koroga tu," nikamjibu. Akakoroga.

Mwanzoni wale kuku walikuwa wanakua vizuri. Kisha asubuhi moja tukakuta mmoja anatembea kwa magoti. Tukasema kakanyagwa. Kesho yake wengine, na keshokutwa wengine zaidi. Vidole vimejikunja kwa ndani kama mtu aliyefumba ngumi, wanatandaza mabawa ili wasianguke. Macho yao maangavu, njaa wanayo, chakula wanakiona, ila hawawezi kukifikia. Walikuwa wanakufa kwa njaa mbele ya chakula! Martina alikuwa anawabeba mmoja mmoja mpaka kwenye kihori na kuwashikilia ili wapate kula.

Bwana mifugo akaitwa. Akaja, na kina mama wote wakaja, banda likajaa. Akamshika kuku mmoja, akamnyoosha vidole, vikajikunja tena.

"Huu ni upungufu wa vitamini," akasema. "Ile dawa mnawapa?"

"Tunawapa kila siku," nikajibu.

Akaomba kopo, akalifungua, akalinusa, akatazama ule unga kwenye mwanga. Akasema dawa ni nzima. Kisha akaniuliza, mimi mwenye ufunguo shingoni, mbele ya wote.

"Mnaichanganya na maji ya baridi?"

Nilikuwa sijaelewa bado kwa nini anauliza. Lakini kuna kitu kwenye sauti yake kilinifanya niogope, na mdomo ukawahi kabla ya akili.

"Ndiyo," nikasema. "Ya baridi."

"Hamchanganyi na kitu kingine? Nauliza kwa sababu kuna mahali nilikuta mama mmoja anachemsha na magadi. Ukifanya hivyo vitamini inakufa yote, unawanywesha maji matupu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikatazama chini. Nilijua Martina amesimama upande wangu wa kushoto, na sikuthubutu kugeuza shingo upande huo.

"Hapana," nikasema. "Maji safi tu, kama ulivyofundisha."

Bwana mifugo akakuna kichwa. "Basi sielewi. Nitamchukua mmoja nimpeleke akachunguzwe. Kama ingekuwa vitamini, wale ambao hawajazidiwa wangesimama upesi tu wakianza kuipata." Akafunga kuku mmoja kwenye boksi, akaondoka naye. Majibu ya huyo kuku hayajarudi mpaka leo.

Alipoondoka tulibaki tunawatazama wale kuku. Mama mkwe akasema polepole, "Kama si dawa, ni nini?"

Nikaona macho yanahama moja moja kwenda kwa Martina. Yeye alikuwa amemkumbatia kuku mmoja mlemavu kifuani. Mama mkwe akanigeukia mimi.

"Martina ameshika maji ya kuku?"

Wasomaji wangu, lilikuwa swali dogo. Ningeweza kusema, mama, maji nilichemsha mimi. Ningechekwa, ningenyang'anywa ufunguo, mume wangu angefoka, kina mama wangeniimba mwezi mzima kwenye kupalilia. Basi. Hayo tu ndiyo yangenipata!

"Ameshika," nikasema.

Ni kweli alishika. Ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa miaka mingi, kwamba sikusema uongo. Lakini kuna ukweli mtu anausema ili mwenzake aangamie, na wangu siku ile ulikuwa wa namna hiyo.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwambia Martina amweke kuku chini, akanawe, arudi ndani. Martina akamweka kuku chini taratibu, akapita katikati ya wale kina mama, nao wakasogeza nguo zao zisimguse. Wale wale tulioimba nao kwaya!

Sasa sikilizeni mahali ambapo ubaya wangu unapita ubaya wa kawaida.

Kesho yake nilichota maji ya baridi. Nikatia ule unga bila moto, bila magadi. Nilifanya kwa siri, mlango nimeufunga, maana sasa nilishajua. Nikajiambia angalau niwaokoe kuku. Na kweli, waliozidiwa walikufa, lakini wale wengine vidole vilianza kunyooka. Mmoja akasimama. Halafu wengi wakasimama. Haikupita wiki wakawa wanakimbilia chakula kama hakuna kilichotokea.

Mnaelewa kilichofuata? Mama mkwe aliingia bandani, akawatazama wanavyokimbia, akajishika kifua. "Mmeona?" akawaambia kina mama. "Ametoka, kuku wamesimama!"

Niliyewaponya ni mimi, na kupona kwao kukawa ushahidi wa kumfunga yeye. Baada ya hapo hata wale waliokuwa na mashaka waliamini. Nani angebisha? Walijionea kwa macho yao. Nami nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi, nikaitikia kwa kichwa pamoja nao.

Kuku wakaenda kantini, tukasifiwa. Kuku tuliyebakiza nyumbani nilipikiwa, nikashindwa kummeza.

Martina akarudishiwa kikombe chake cha bluu. Safari hii haikuwa kwa upole. Watoto waliambiwa wasipite karibu na mlango wake. Mtu akiuguliwa na ndama, jina la Martina linatajwa. Boay alijaribu kumtetea, nampa haki yake, lakini alikuwa mdogo kwenye boma la kaka yake na mama yake, na mume wangu naye, aliyepata sifa shambani kwa ajili ya wale kuku, alimwambia asituletee balaa. Kabla ya mavuno ya ngano Boay alimsindikiza mkewe mpaka barabarani, Martina akapanda lori la kwenda Mbulu na mzigo mdogo wa nguo. Mimi nilikuwa bandani. Nilimwona kupitia kwenye ufa wa mbao akisimama na kutazama upande wangu. Sikutoka!

Boay aliozeshwa mke mwingine. Mama mkwe alinipenda kuliko mwanzo. Ufunguo niliuvua shingoni nikauficha kwenye mfuko wa sketi, watu wakadhani nimekuwa mnyenyekevu.

Nilikwenda kitubio nikamwambia padri. Aliniuliza kama huyo mama yuko hai. Nikasema ndiyo. Akasema, basi nenda kwake, usirudi kwangu mpaka umefika kwake. Wasomaji, sikwenda! Nikaacha kukomunika. Jumapili wenzangu wanapanga foleni, mimi nainama kwenye benchi najifanya nasali. Watoto wangu walikua wakiamini mama yao ana ugonjwa wa magoti.

Mashamba yale ya serikali yakafika mwisho wake, matrekta yakaota kutu. Mume wangu akatangulia mbele ya haki. Mama mkwe akafuata, na siku ya mazishi yake nikaambiwa na mwanamke mmoja, kwa sauti ya kusifia, kwamba marehemu aliliokoa boma hili na yule mama wa kuku. Yule mama wa kuku. Hata jina lake walishasahau! Hapo ndipo nilipopata miguu ya kwenda Nambis.

Nilimkuta anamenya vitunguu saumu mlangoni kwake. Amezeeka, na mimi nimezeeka. Alinitazama kwa muda, akaendelea kumenya.

"Karibu," akasema. "Umechelewa."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nikamweleza yote, magadi, sufuria, ile 'ndiyo, ya baridi', yote, nalia kamasi zinanitoka. Aliniacha nimalize.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Si mimi niliyekuwa nachochea moto? Siku ile bwana mifugo alipotaja magadi nilikutazama. Wewe ukatazama chini. Nikasema, acha mgeni aondoke, dada anaona aibu, atawaambia kina mama. Nikarudi ndani nikasubiri. Kila nikisikia mtu mlangoni nasema ni dada anakuja kunitoa. Si ulinitoa mara ya kwanza?"

Nikamwuliza, jamani kwa nini hukusema wewe mwenyewe.

"Ningesema mimi, nani angenisikia? Niliyefungiwa ndani namsingizia mwenye ufunguo?"

Hakuolewa tena. Alilea watoto wa dada yake na sasa analea watoto wao, wamejaa pale nyumbani. Wakati wa chai wakaja wote. Akanimiminia kwenye glasi, watoto wakapokezana vikombe, wananyang'anyana, huyu anakunywa alipokunywa yule. Yeye akanyoosha mkono juu ya rafu, akashusha kikombe cha bati cha bluu, akajimiminia.

Nikaweka glasi chini. "Martina, ni kile?"

"Kile kilitoboka zamani. Nilinunua kingine kama kile."

"Lakini hapa ni kwako! Nani anakutenga hapa?"

"Hakuna. Nimezoea," akasema. "Watoto nao wanajua, hiki hawakigusi."

Nikaomba msamaha, nimepiga magoti, uzee huu. Hakunisukuma wala hakuninyanyua. Akasema, "Mimi hujaniambia kitu kipya. Waambie wasiojua."

"Wengi wamekufa."

"Watoto wao wapo. Andika gazetini. Na jina langu uliandike, usinibadilishie. Waandikie kwamba ni Martina, yule wa Boay, na kwamba kuku wale hakuwagusa kwa ubaya."

Basi nimeandika. Ni Martina, yule aliyekuwa wa Boay. Hakuwagusa kwa ubaya. Aliwabeba mpaka kwenye chakula.

Mnaofuga kuku wa nyama, siku hizi naona mmekuwa wengi hata Katesh na Dongobesh, vitamini tieni kwenye maji safi ya baridi, muweke kivulini, wala msiongeze ujuzi wenu wa jikoni. Na ukiwa umekosea, sema siku hiyo hiyo wakati kuku bado wanaweza kusimama! Mtu akikuuliza mbele za watu, vumilia uchekwe. Kuchekwa kunaisha. Mimi nimekaa na lile neno moja mpaka meno yameng'oka, na yeye amekaa na kikombe.

Na ukiona wote wamemgeukia mtu mmoja, hasa mwanamke aliyetoka kuzika mtoto, usiwe wa kusogeza nguo. Uliza kwanza maji yalichemshwa na nani.

Aliyeonewa amenituma niandike jina lake. Mimi niliyemwonea ndiye niliyemwomba mhariri anifiche, bado naogopa, mnaona nilivyo! Lakini watu wa Nangwa mtanijua tu. Ufunguo wa lile banda alikuwa nao mmoja.